Nyota Tano kwa Kibasi cha Doña Teófila

Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la magari huko El Alto, mji ulio mlimani juu ya La Paz, na Nicanor Villalpando alikuwa amesimama mbele ya gari asilokuwa na nia ya kulinunua, akila salteña, andazi la nyama ambalo hakuwa amelilipia. Alikuwa amemwambia mwuzaji kwamba atalipa yule bwana aliye nyuma yake, na bila shaka nyuma yake alikuwapo bwana. Katika utulivu huo ndipo alipoona jambo lililombadilishia mkondo wa maisha.

Mnunuzi mmoja kutoka La Paz, mtu wa miwani na koti la sufu, alitoa mfukoni ukurasa uliokatwa gazetini. Akausoma, akalitazama gari, akausoma tena, kisha akalipa bei aliyotajiwa bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Ukurasa ule ulikuwa na orodha ya magari, na mbele ya kila gari palikuwa na nyota. Gari lile lilikuwa na nne.

Katika soko lile, mtu kulipa bei ya kwanza ni tukio linalostahili kuandikwa katika vitabu vya parokia. Nicanor aliacha kutafuna. Ikiwa nyota nne zilizochapwa na mtu asiyejulikana, katika nchi ya mbali, kwa gari ambalo huenda halikuwahi kuona mlima, ziliweza kumfunga mdomo mnunuzi wa La Paz, basi nyota tano zilizochapwa mtaa wa pili zingefanya maajabu gani?

Ni haki ielezwe kwamba Nicanor hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Nicanor alipewa. Alikuwa na suti moja ya kijivu, viatu vilivyong'arishwa hadi ngozi ikachoka, na ulimi ambao ungeweza kumtoa nyoka pangoni kisha ukamwuzia jozi ya soksi. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na miwili, na baridi ya El Alto ilikwisha kufanya makao magotini mwake. Alikuwa na ndoto moja tu: kushuka Santa Cruz, nchi ya joto, akavae shati la mikono mifupi mwezi wa Julai kama watu wengine walioumbwa na Mungu. Kila alichokipata alikishona ndani ya bitana ya koti lake kwa ajili ya safari hiyo.

Juma lililofuata ilizaliwa Taasisi ya Taifa ya Kupima Ridhaa ya Madereva. Mwenyekiti wake, katibu wake na wataalamu wake wa maabara wote walivaa suti moja ya kijivu kwa wakati mmoja. Wauzaji wakaanza kumwita Licenciado, jina wanalopewa watu waliohitimu chuo, na pia wale ambao suti zao zimehitimu kwa niaba yao.

Taasisi ilikuwa na fomu ya maswali arobaini, iliyopangwa kwa utaratibu wa kupendeza. Swali la kwanza lilihusu ukimya wa gari likiwa njiani. La pili lilihusu ulaini wa viti, la tatu mahali pa kuwekea kikombe. Dereva mmoja tu alijitolea kuisoma yote: Maestro Severo Laruta, aliyeitwa Maestro, yaani fundi stadi, kwa kuwa alikuwa ameendesha vibasi kwa miaka thelathini, naye aliisoma taratibu huku akinywa api ya moto, ule uji mwepesi wa mahindi.

“Fomu nzuri,” alisema Severo. “Ila sijaona swali la kama gari linawaka alfajiri, maji yakiwa yameganda. Wala kama linapanda na watu kumi na wanane na magunia ya viazi juu. Wala kama fundi wa kijijini kwetu analijua.”

“Hayo ni mambo ya kiufundi, Maestro. Taasisi hupima ridhaa.”

“Ridhaa ya nani?”

Nicanor alikumbuka kwamba ana kikao, akaondoka.

Wauzaji walilipa. Aliyetoa kidogo alipata nyota tatu, na aliyetoa cha kueleweka alipata tano, za karatasi ya dhahabu, zilizobandikwa kwenye kioo cha mbele. Wanunuzi wa La Paz walizitazama nyota, wakanyamaza, wakalipa. Madereva wenyewe walipita bila kukitazama kioo. Walifungua boneti, wakaingiza kichwa humo, na kilichosemwa humo kilibaki humo. Hilo halikumsumbua Nicanor. Baada ya wiki kumi bitana ilikuwa imevimba kiasi kwamba akikaa, koti lilibaki limesimama.

Mtu mmoja tu alimkatalia, naye ni Doña Teófila Condorena. Mama huyu alikuwa ameuza vibasi kwa miaka ishirini na mitano katika pembe ileile ya soko, akiwa amekaa juu ya kreti, sketi zake zikimzunguka tabaka kwa tabaka, kofia ya duara ikiwa imenyooka kichwani, na sindano za kufumia zisizopumzika mikononi. Nicanor alimpa hotuba yake yote. Doña Teófila alimaliza kwanza mstari aliokuwa akiufuma.

“Licenciado, hiki kibasi changu cha buluu unakijua?”

“Taasisi inakijua, mama.”

“Kiliwahi kukupakia lini?”

Kiburi kikamponza Nicanor. Siku ya soko iliyofuata alifika mapema, akabandika nyota moja, moja tu na ya rangi ya kijivu, katikati ya kioo cha kibasi kile, kwa gundi ambayo fundi viatu alimhakikishia kwamba haikubali toba. Doña Teófila alijaribu maji ya moto, akajaribu kisu, kisha akarudi kwenye kreti yake. Wapo watu ambao wakikasirika hupiga kelele. Yeye aliendelea kufuma.

Ajabu ilianza baada ya hapo. Kila siku ya soko, Nicanor aliona madereva wakikiendea kibasi kile cha nyota moja. Hawakufungua boneti. Walisimama mbele yake kimya, wakavua kofia, wakagusa kioo cha pembeni, wakafanya ishara ya msalaba. Siku moja alijipitisha karibu kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka, akaona sababu. Kwenye kioo cha ndani zilining'inia tepe za Bikira wa Copacabana, nyekundu, njano na kijani, nyingine zikiwa bado zina vipande vya maua. Akazihesabu. Zilikuwa kumi na mbili.

Nicanor alikuwa mwana wa dereva, na kuna mambo ambayo mtu huyanyonya pamoja na maziwa. Mara moja kwa mwaka baba yake alilipeleka gari lake kanisani Copacabana, likavikwa maua, padri akalinyunyizia maji ya baraka, bia ikamwagwa kwenye magurudumu yote manne, na utepe ukafungwa kwenye kioo. Kwa hesabu hiyo, tepe kumi na mbili ni miaka kumi na miwili njiani bila ajali wala msiba. Alikuwa ameghushi nyota, mihuri, barua za wizara, na wakati mmoja hata shangazi. Lakini utepe wa Bikira hakuwahi kuugusa, na haikumpitia akilini kwamba unaweza kumpotosha mtu.

Hata hivyo, mjanja hafungui mdomo kabla ya kuchungulia. Alimtafuta Severo penye muuza api, akamnunulia bilauri moja kwa fedha yake mwenyewe, tendo ambalo lilipaswa kumshtua kila mtu, akamwuliza kwa mbali, kana kwamba ni jambo la dini tu, utepe una maana gani kwa dereva.

“Kila utepe ni safari moja kwa Bikira,” alijibu Severo.

“Na kati ya utepe na nyota, dereva anathamini kipi?”

“Nyota haijawahi kumwombea mtu, Licenciado.”

Hapo mpango ulijichora wenyewe. Angekinunua kibasi kwa bei ya nyota moja, bei ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiua; Jumapili, siku nyingine ya soko, angewauzia madereva kwa bei ya tepe kumi na mbili; Jumatatu angepanda basi la Santa Cruz. Kulala hakulala.

Alhamisi alimkuta Doña Teófila kwenye kreti yake, na kibasi kikinguruma taratibu kando yake, kwa kuwa, alisema mama, asubuhi ile kilikuwa kimekwisha kuamshwa. Nicanor alitaja bei ndogo kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Doña Teófila akatikisa kichwa kwa huzuni.

“Siwezi, mwanangu. Dhamira itanisuta. Hiki ni cha nyota moja. Taasisi ya Taifa imesema.”

“Taasisi nayo huweza kukosea, mama.”

“Taasisi?” Sindano zilisimama. Wauzaji wa jirani waligeuka. “Ile yenye maswali arobaini?”

Nicanor alijikuta katika hali ambayo haijamfika mjanja yeyote mwenye akili: kubishana hadharani na cheti chake mwenyewe. Alieleza kwamba nyota si kila kitu, kwamba vipimo vya ofisini havijui roho ya gari, kwamba dereva wa kweli huthamini mambo ambayo hayaingii kwenye fomu. Alisema vizuri sana, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kweli, na watu waliomzunguka walitikisa vichwa kwa kuafiki. Doña Teófila alimsikiliza hadi mwisho.

“Basi kama ulikosea, sahihisha,” alisema. “Sitaki mtu aje kusema nimemwuzia Licenciado gari bovu.”

Hakukuwa na njia ya kupenya. Mbele ya soko zima Nicanor alitoa mkobani karatasi ya dhahabu, akaifunika ile nyota ya kijivu kwa nyota tano, na watu wakapiga makofi.

“Sasa,” alisema Doña Teófila, akiziangalia kwa macho ya kuridhika, “bei ya nyota tano unaijua. Wewe ndiye uliyeipanga.”

Aliijua. Alifikiria magoti yake, akafikiria shati la mikono mifupi, akaziangalia tepe kumi na mbili zikicheza kwenye kioo. Wakakubaliana kwenda mjini, kwa mthibitishaji wa mikataba, na mama akasema ni heri mnunuzi aendeshe mwenyewe ili alijue gari lake.

Kutoka El Alto hadi La Paz ni mteremko mtupu, kama kushuka ukutani mwa bakuli kwenda kwenye mchuzi. Kibasi kilishuka kwa madaha. Kwenye kona ya kwanza kilikohoa kidogo, kisha kikawa kimya kabisa, hata Nicanor akasikia upepo, na sindano za Doña Teófila, na moyo wake mwenyewe ukiimba. Swali la kwanza la fomu, alijiambia, lingepata alama zote. Walifika mlangoni pa mthibitishaji kama malaika waliotumwa. Bitana ikafumuliwa, karatasi zikatiwa sahihi, na Doña Teófila akamshika mkono, akamwombea heri, akaenda zake kwenye kituo cha gari la waya, lile linalowapandisha watu mlimani juu ya mapaa ya nyumba.

Kulitia moto gari kulichukua nusu saa na mabega ya askari wawili wa zamu. Nicanor alidhani ni baridi. Akaanza kupanda. Alipanda hatua kama mia tatu hivi. Kibasi kikatetemeka, kikatoa moshi mweupe, kikasimama na kuanza kurudi nyuma kwa adabu. Akakanyaga breki. Nyuma yake magari yalipiga honi, na kutoka katika mojawapo akashuka Maestro Severo, abiria wake wakichungulia madirishani. Hakuonyesha mshangao. Alichukua jiwe, akalikingia gurudumu la nyuma kwa utaalamu wa mtu aliyewahi kulikingia gurudumu lilelile.

“Maestro,” alisema Nicanor, sauti ikiwa imekonda, “kina tepe kumi na mbili.”

“Kumi na mbili, naam. Kwa miaka miwili.”

Nicanor alizigeukia tepe, akaanza kuzihesabu upya.

“Gari lililo zima hupelekwa kwa Bikira mara moja kwa mwaka, kushukuru,” alieleza Severo kwa upole. “Hiki walikipeleka kila kiliposimama kabisa. Walikivuta kwa lori, wakakirudisha kwa lori. Mara ya kumi na mbili padri alimwambia Doña Teófila kwamba baraka zimefika mwisho, atafute mnunuzi.”

“Na nyinyi mlikuwa mkivua kofia mbele yake!”

“Tulikuwa tukimwombea atakayekinunua. Alfajiri ya leo tulikisukuma watu sita mpaka kikawaka.”

“Nilikununulia api. Kwa nini hukuniambia?”

Severo alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki. “Uliniuliza habari za tepe, Licenciado. Habari za gari hujawahi kuniuliza. Hata kwenye ile fomu.”

Kivuli kilipita juu ya boneti. Nicanor aliinua macho, akaona kibanda chekundu cha gari la waya kikipanda angani bila kelele wala moshi, na dirishani kofia ya duara iliyonyooka. Doña Teófila alisimamisha sindano zake, akampungia mkono kwa heshima zote, kama mtu anavyompungia mteja mwema, kisha kibanda kikaendelea na safari yake.

Askari wa barabarani alifika akataka kujua gari litaondolewa lini. Kupanda hakukuwezekana, kukaa kulikatazwa, ukabaki upande mmoja tu, wa kushuka. Abiria wa Severo walishuka kwa furaha, wakakigeuza kibasi kwa mikono yao, na mwanamke mmoja aliyebeba kuku akamshauri Nicanor asigeuze shingo kutazama nyuma asije akaumia.

Nicanor akashika usukani, wakamwachia. Kikashuka. Kikapita kwa mthibitishaji, kikapita katikati ya mji, kikapita mitaa ya matajiri wa kusini, kila hatua hewa ikizidi kuwa nzito na ya joto, hadi mteremko ulipoishia chini kabisa kwenye mabonde ya mto, miongoni mwa mashamba ya mahindi na mipichi. Hapo kilisimama chenyewe, na hapo kipo hadi leo. Nicanor huuza vinywaji baridi ndani yake, akiwa amevaa shati la mikono mifupi, na magoti hayamsumbui tena. Akija mtu kumwuliza habari za kibasi, humweleza kwamba kina ukimya usio na mfano, viti laini, na breki kama mpya. Na juu ya breki hasemi uongo, kwa kuwa gari ambalo haliendi halimalizi breki.