Nusu Yangu ya Maandiko

Jumatatu, 6 Mei
Utulivu wa moyo ulinitoka jana saa tano asubuhi, nje ya kanisa, mchungaji alipomkabidhi Kola majoho ya kwaya. Majoho arobaini! Miaka tisa nayafua mimi. Kola ni dobi mwenzangu, ng'ambo ya barabara. Wateja walimpa jina hilo kwa kuwa hunyoosha kola tu. Sehemu iliyobaki ya shati Mungu anajua. Mchungaji anadai siku hizi nafua kwa hasira mpaka vifungo vinang'oka. Nisome Maandiko, akili itulie. Jumapili atapita kuniuliza yameniambia nini, ndipo tuzungumze habari ya majoho.

Jumanne, 7 Mei
Kurasa elfu moja na mia mbili, siku tano. Mia mbili arobaini kwa siku! Na pasi ashike nani? Nimegawa kazi: mama watoto nusu ya kwanza, mimi ya pili. Akauliza kama na kula tutagawana, yeye atafune, mimi nimeze. Nikashika pasi. Mtu mwenye mipango hajibu kila kitu.

Jumatano, 8 Mei
Nimeanza. Mstari wa pili, namwona Kola dirishani kwake, naye anasoma! Nikahamishia kiti mlangoni nione kafika wapi. Bado mwanzoni kabisa. Nimefunua kurasa arobaini kwa mpigo. Zilionekana zinafanana.

Ijumaa, 10 Mei
Nimemwacha Kola mbali. Utulivu bado. Shati la mwalimu mkuu limeungua mgongoni. Kosa la Kola, aligeuza ukurasa ghafla nikakodoa macho. Mama watoto kakalia ndoo, kitabu chake kimefungwa mapajani, anatabasamu peke yake. Nikauliza kasoma ngapi.
“Mistari mitatu, baba watoto. Imenitosha.”
Mitatu! Eti haraka haraka haina baraka. Na polepole je? Haina majoho.

Jumapili, 12 Mei
Mchungaji kaja. Maandiko yameniambia nini? Nikamjibu kwamba Kola yuko ukurasa wa themanini na mbili. Akakohoa. Akamgeukia mama watoto. Huyo akaeleza mistari yake mitatu, taratibu, mpaka mchungaji akavua kofia. Kisha mama watoto akasema jana alivuka barabara wakaelewana na Kola: Kola afue, sisi tunyooshe, maana mkono wangu ni mwepesi kwenye pasi na mzito kwenye vifungo. Mchungaji akabariki. Kola akanipungia mkono toka kwake, akaniita kaka. Mimi sikuulizwa!

Sasa, Mwenyezi, tuongee kama watu wa kazi. Nataka jibu la moja kwa moja, kabla ya Jumatano saa kumi jioni, majoho yatakapoletwa: ile mistari mitatu ya mama watoto imo katika nusu yake au nusu yangu? Kama ni yangu, utulivu ule ni wangu. Aurudishe.