Mwenyeji wa Samarkandi

Hakuna aliyeijua Samarkandi kama shemeji yangu Turgunboy! Ndivyo alivyotuambia ofisini Tashkenti, kifua mbele, hata bosi akamkabidhi kazi ya kututembeza huko Jumatatu, wafanyakazi arobaini. Tatizo dogo tu: Turgunboy hakuwahi kuikanyaga Samarkandi.

Ijumaa akapanda treni kwenda kuikariri kimyakimya. Akapanga chumba mtaa mmoja na Normurod, rafiki yake wa jeshini. Kosa kubwa! Rafiki ana nyumba, wewe unalala kwa kupanga? Kwetu afadhali ungemtukana. Kabla hajafungua begi, mwenye chumba alikwisha kwenda kumshtaki kwa Normurod.

"We Turgunboy! Nimekufa mimi? Nimezikwa?" Normurod alinguruma, begi la mgeni tayari liko begani kwake.

"Kaka, nataka kuitupia macho Registani, ule uwanja wenu maarufu, mara moja tu..."

"Registani ina miaka mia sita pale, haihami. Pilau inapoa!"

Jumamosi akala pilau, sambusa, na pilau ya jirani aliyesikia kuna mgeni. Jumapili alichinjiwa kondoo. Tena kwetu mgeni anayependwa humiminiwa chai kidogo kidogo. Kikombe kikijaa pomoni, ujue umeonyeshwa mlango. Turgunboy alikiombea kikombe chake kijae. Wapi! Mafunda mawili, mafunda mawili. Jua likizama akanyakua birika, akajimiminia mwenyewe mpaka chai ikafurika mezani.

"Maskini, ana kiu!" alilia Holida, mke wa Normurod. "Ngoja nilete birika kubwa!"

Jumatatu asubuhi akatupokea stesheni, tumbo limemtangulia.

"Haya mwenyeji," bosi akasema, "tunaanzia wapi?"

"Nifuateni!"

Akatuongoza mikono mgongoni, akikohoa kisomi. Kushoto, kulia, kichochoro. Jasho lilimtiririka, nami nikaanza kumhurumia. Mwishowe akasimama mbele ya lango la buluu.

"Hapa," alisema, "vitabuni hamtapaona."

Lango likafunguka. Holida akachungulia, upawa mkononi.

"Shemeji! Umerudi?" Akatugeukia. "Afadhali mmekuja wengi, jamani. Yuko nani kati yenu anayeijua Registani? Mpelekeni huyu, siku mbili analia anaitaka na hajaiona!"

Bosi alimtazama Turgunboy kutoka kofia mpaka viatu, akafungua kinywa.

"Baadaye!" Normurod akapaza sauti kutoka uani. "Wakaribishe kwanza, pilau imeiva!"

Basi na sisi Registani hatukuiona.