Mifuko ya Hewa ya Bwana Dhamana

Mwanamke aliyeshuka kwenye lori la mchanga hakuangalia rangi ya magari. Alipita akigonga milango yake kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, binti yake akimfuata nyuma. Bwana Dhamana, mwenye yadi ya kuuza magari, akaweka kikombe chini na kufunga vifungo vya shati. Mteja anayejua anachotaka ni mtamu sana. Unampa hicho hicho, kwa maneno.

Jina hilo alipewa na mtaa. Kila alichouza alikitolea dhamana, na dhamana yenyewe iliisha mteja alipofika getini.

"Huyu anaanza kazi mbali, ataendesha peke yake," mama akasema. "Nataka gari lenye mifuko ya hewa ya ubavuni. Ya mbele kila gari linayo."

"Mama, umefika!" Dhamana akamvuta hadi kwenye gari la bluu. "Ukigongwa mbele, kuna boneti, kuna injini, gari linabonyea kwanza, wewe baadaye. Ubavuni kuna nini? Bati la mlango, halafu mbavu zako. Kwa hiyo mfuko wamekuwekea hapa, ubavuni mwa kiti. Mlango ukibondwa tu, mfuko unachana mshono wa kiti na kujaa hewa kabla hujasema 'aah'. Mwingine unashuka dirishani kama pazia, unalinda kichwa."

Kila neno lilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Gari lile lilishagongwa ubavuni. Mifuko ilifanya kazi yake, ikapasuka, naye Dhamana akaikata, akajaza matambara, akashona upya. Taa ya onyo kwenye dashibodi aliing'oa, isije ikawavurugia wateja amani.

"Vizuri," mama akasema. "Basi kaa kitini."

"Nikae?"

"Funga na mkanda. Nitarudi nyuma na lori nikugonge hapo mlangoni, kidogo tu. Mfuko ukijaa, nanunua hili na lile jeupe."

"Litaharibika, mama!"

"Nalilipia. Au mifuko haimo?"

Wateja wawili waliokuwa getini wakageuza shingo. Dhamana akajichekesha, akaingia. Mtu mzima hawezi kumgonga mwenzake makusudi, alijiambia, huyu ananitisha tu.

"Washa gari, baba," binti akamkumbusha kwa adabu. "Bila umeme mfuko haujai."

Akawasha. Lori likanguruma, likaanza kurudi nyuma, bampa likazidi kunenepa dirishani. Dhamana akazikumbuka mbavu zake, ambazo hakuwa na nyingine. Alifungua mkanda, akaruka gia, akatokea mlango wa pili na kutimua mbio hadi nyuma ya tangi la maji.

Huko alisikia lori likifunga breki. Kisha akasikia gari dogo likiondoka taratibu, bila haraka yoyote. Alipochungulia, la bluu lilikuwa linatoka, binti kwenye usukani, kadi ya gari ikiwa mle mle ndani, lori likilisindikiza. Mmoja wa wale wateja alikuwa amewafungulia geti na kuwatakia safari njema.

Dhamana hakwenda polisi. Gari lenyewe alilipata kwa njia zisizopenda maswali.

Jioni mkewe akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mume wangu, miaka yote nakuomba gari unaniambia subiri. Nimejinunulia! La bluu! Mama mmoja wa lori kaniuzia kwa bei ya kutupa, na lina mifuko ya hewa ubavuni. Kanieleza yote, boneti, mbavu, pazia. Tunatoka sasa hivi na watoto, nawapeleka kwa bibi yao, tunapita barabara kuu."

Dhamana alikaa chini palepale alipokuwa. Aliogopa kuliko alivyoliogopa lori.

"Washushe watoto," akasema. "Nakuomba, mke wangu. Mifuko haimo. Mle ni matambara, nimeyashona mimi kwa mkono wangu."

Mkewe akaangua kicheko.

"Wewe nawe! Maisha yako yote hujawahi kuona gari bovu, leo langu ndilo umeliona?"

"Naapa!"

"Umeapa mara ngapi pale yadini?"

Nyuma ya sauti yake mlango ulifunguliwa, na mwanawe wa mwisho akauliza kama anaweza kukaa upande wa dirisha.

"Kaa, mwanangu," mkewe akasema, na simu ikakatika.