Gramu Tatu na Nusu Kichwani mwa Panya

Jumatatu, 3 Machi
Kifaa changu kimekamilika. Kizuri, jamani! Kinakaa kichwani mwa panya, kinasoma mawimbi ya ubongo wake akikimbia na kuyatuma kwenye kompyuta. Juu kina mfuniko wa shaba uliochorwa jina langu. Profesa akakipima: gramu tatu na nusu. Akasema panya ana gramu ishirini na tano, na kifaa hakiruhusiwi kuzidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Majaribio ni tarehe 21. Baada ya hapo anabakiza mbunifu mmoja tu, mimi au mwenzangu Unyoya wa meza ya dirishani. Kifaa cha Unyoya kina gramu mbili. Hakina hata rangi. Utadhani ukucha uliokatwa.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kauliza kwa nini nisiuondoe tu mfuniko. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Akaendelea kukunja nguo. Nimepiga hesabu mpaka kichwa kikauma, kumbe jibu liko mbele ya macho yangu! Kifaa si kizito. Panya ndiye mwembamba.

Jumatano, 12 Machi
Karanga na jibini kila mchana, mlezi wa panya akienda kula. Tumefika gramu thelathini! Mlezi kaniuliza mbona huyu mmoja tu ananenepa. Nikasema ni maumbile, kwao wote ni mabonge. Akanionyesha ndugu zake watano kizimba cha pili, wembamba kama vidole. Nikajifanya napigiwa simu.

Jumatatu, 17 Machi
Unyoya kaja na sauti ya upole. Eti mfuniko peke yake una gramu moja na ushee, eti yuko tayari kunisaidia kuutoa. Kijicho hicho! Nimempa kisogo.

Ijumaa, 21 Machi
Bonge mizanini: gramu thelathini na sita! Sheria imetimia. Profesa akaandika namba daftarini. Moyo ulinidunda kwa furaha. Tukamvisha kifaa, tukamweka mlangoni mwa njia ya majaribio. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Basi, tumbo likagoma. Wala hakuhangaika, akalala papo hapo, nusu ndani nusu nje. Kompyuta ikaonyesha mawimbi safi kabisa ya usingizi. Mlezi alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Unyoya ndiye aliyemchomoa taratibu. Panya wake alikuwa ameshamaliza mizunguko kumi.

Profesa akaniita ofisini. Nakiri, machozi yalinitoka. Naipenda kazi hii, sina nyingine ninayoijua. Akanihurumia. Kanipa nafasi ya mwisho: Jumatatu kifaa kiwe gramu mbili na nusu. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma, kwamba nipunguze kifaa na mnyama nimwache alivyo.

Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi nzima nimeyatafakari maneno ya Profesa. Mke wangu kaniwekea bisibisi kando ya kikombe cha chai. Mwanamke ana akili! Mfuniko ulikuwa umelegea kidogo, nimeukaza. Na kosa langu nimeliona wazi, sasa nimekuwa mtu mwingine. Nimeshamwandikia Profesa barua, kurasa mbili, namwomba sungura.