Bei ya Kiganja cha Mtawa

Jumapili, 7 Septemba

Leo nimekuwa mtu hatari! Ngazi ya kumi na saba, hatimaye. Miaka miwili nimerusha dadu katika chumba cha nyuma cha duka la dawa la Deeqa, na leo mtawa wangu amefika. Anaitwa Mtawa Ikiara. Nilimpa jina la marehemu babu yangu, mzee ambaye hakuwahi kumpiga mtu ila kwa maneno.

Katika mchezo wetu kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi. Deeqa anasimulia na kuamua mambo, dadu zinasema nani kapona. Muthomi, mwalimu wa hesabu, ni shujaa wa upanga. Kabale, muuza maziwa ya ngamia, ni mchawi wa moto. Mimi nilikuwa mtawa tu, mtu wa mateke na saumu. Sasa nina Kiganja! Mtawa anamgusa adui, adui anaenda zake bila habari. Siku yoyote mtawa akitamka neno moja, adui anarusha dadu kujiokoa, mara moja tu. Akikosa, chini! Maiti!

Leo nimemgusa Mfalme wa Majitu kabla hajatoroka pangoni. Neno lenyewe nimeliweka hadi Jumapili ijayo.

Muthomi amenuna. Alisema uwezo huo umezidi, unaharibu mchezo, upanga wake sasa ni kisu cha kukatia sukuma wiki. Deeqa alisema atamsikiliza mwenye hoja yoyote, kisha Jumapili ataamua kama Kiganja kibaki au kipunguzwe. Kipunguzwe! Baada ya miaka miwili! Wivu wa mwalimu ni mbaya kuliko njaa.

Jumatatu, 8 Septemba

Mpango. Nitathibitisha kwamba Kiganja ni dhaifu. Nani hupunguza kitu dhaifu?

Nilikaa dukani kwangu, kati ya spea za pikipiki, nikawa narusha dadu kwa niaba ya Mfalme wa Majitu ili apone. Akafa. Nikarusha tena. Akafa. Emanikor wa boda boda, aliyekuja kutafuta kebo ya breki, akaomba arushe yeye kwa kuwa ana mkono wa bahati. Akamuua papo hapo. Akaona raha, akamuua tena, akasahau kebo. "Buda, huyo mtawa wako ni moto!" akasema, akakimbia kuwaambia wenzake stejini.

Kufikia saa saba kila pikipiki iliyopita ilinipigia honi, dereva kanyoosha kiganja. Muthomi akapita, naye akanyooshewa kiganja. Akaniuliza kwa upole kuna nini. Nikamwambia ni kampeni ya kunawa mikono. Hakuamini. Walimu hawaamini kitu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata mpango wa kweli. Nashangaa kichwa kama hiki kinauza plagi.

Nani anaweza kudharau kitu chochote duniani? Dalali wa mifugo! Nikaenda sokoni kwa Mzee Warsame. Mzee huyu akiona ngamia mzuri anauliza alikufa lini. Fahali mnono kwake ana kikohozi. Akimaliza kumponda mnyama, anatupa shuka lake la begani juu ya mkono wake na wa mwenye mali. Humo ndani wanaminyana vidole, kila kidole na bei yake, na walio pembeni hawaoni kitu. Isitoshe, ni ndugu wa mama yake Deeqa. Deeqa humwita Abti, na neno la Abti halirudishwi.

Nilimpa salaam aleikum vizuri kabisa, ingawa mimi ni Mmethodisti. Nikampa fungu la miraa kutoka kwa shangazi yangu wa Maua. Nikaeleza yote. Akatafuna, akafikiri. "Hii mtu yako iko wapi?" akauliza. "Lete nione meno." Nikasema yuko kwenye karatasi tu. Akasema aliwahi kuuziwa mbuzi wa namna hiyo.

Tumeelewana. Jumapili atakuja kama msuluhishi asiye na upande, na atamponda mtawa wangu mpaka Deeqa amwonee huruma.

Ijumaa, 12 Septemba

Deeqa amekubali Abti wake aje. Aliniangalia sana kabla ya kukubali. Kabale alicheka mpaka akatua mtungi wake wa maziwa chini. Muthomi alikubali haraka mno, akasema ataleta mandazi. Mshindwa mwenye adabu. Karibu nimwonee huruma.

Jumapili, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Mzee alifika na fimbo yake na shuka lake. Deeqa akamsomea maelezo ya Kiganja. Mzee akaanza kazi na, jamani, alikuwa fundi! Ni lazima aguse? Basi huyo ni mbuzi kipofu, hali jani mpaka limguse pua. Adui anapewa dadu ya kujiokoa? Huyo ni mlinzi anayemwachia mwizi ufunguo. Adui anaenda zake akiwa hai? Hata simba hajawahi kumruhusu swala aende nyumbani kuaga. Deeqa alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Kabale alinipa pole. Nilijiuma ulimi nisitabasamu. Mzee angenyamaza hapo, Kiganja kingekuwa salama maisha.

Hakunyamaza. Akasema huyu Ikiara ni mzee wa bure, hata akipewa pamoja na kamba yake hamchukui, labda fisi.

Ikiara! Babu yangu! Mbele ya Muthomi, aliyekuwa anatafuna andazi huku akinitazama kama mtu anayengoja chungu kichemke! Damu ilinipanda. Nikasimama. Nikauliza nani amesema Kiganja kinahitaji vita. Hapa kwetu nani anapita bila kumpa mwenzake mkono? Mtawa wangu ataenda harusini kwa majitu asalimie ukoo mzima. Ataenda matangani atoe pole, mstari mzima, kiganja kwa kiganja, na hakuna atakayemshuku mtu mwenye adabu. Nikapiga meza. Nikasema hakuna uwezo kama huu katika mchezo wote! Nikaketi.

Deeqa alisema taratibu kwamba kumbe hakuwa amefikiria salamu. Akachukua kalamu akikate Kiganja. Muthomi alinisogezea andazi.

Hapo Mzee akafinya macho. Nilipaswa kuyajua macho hayo, ya dalali aliyeona mali. Akanyoosha mkono, nikadhani ananiomba radhi, nikaupokea. Shuka likaanguka juu ya mikono yetu. Akaminya vidole viwili. Mimi, kwa heshima, nikaminya pia. Akaminya kimoja kwa nguvu. Nikarudisha. Mzee akikuminya mkono utafanya nini? Akaondoa shuka, akakipiga kiganja changu kwa sauti, akasema alhamdulillahi.

Nilikuwa nimemuuza mtawa wangu.

Nilipiga kelele kwamba sikukubali kitu. Kabale, ambaye kwao wameuza ng'ombe tangu zamani, alisema pole lakini mikono ikishapigwa mbele ya mashahidi, imekwisha. Baba yake mwenyewe aliwahi kuuza dume alilolipenda kwa sababu ya kupiga chafya shuka likiwa juu. Deeqa akaweka kalamu chini. Hawezi kukata mali ambayo Abti wake amenunua sasa hivi, ikiwa nzima. Kiganja kinabaki. Mtawa ni wa Abti.

Na Mzee akaketi kwenye kiti changu! Zamu yake ya kwanza, hata hakutamka lile neno la kuua. Alimtumia Mfalme wa Majitu salamu: roho yako iko kwangu, haina neno, njoo tuzungumze. Tulipomaliza alikuwa na ngamia wote wa majitu na kisima kizuri, na Mfalme mwenyewe alikuwa akimletea maziwa kila asubuhi. Mzee alisema maiti haina faida. Deeqa alisema hajawahi kuona Kiganja kikiwa na nguvu hivyo. Muthomi, yule aliyesema kimezidi, alipiga makofi! Upuuzi mtupu. Umepewa neno la kuua jitu, halafu unalikalia?

Mimi nimepewa mhusika mpya. Punda wa mizigo wa mtawa. Ngazi ya kwanza.

Jumatatu, 15 Septemba

Malipo yameletwa. Mbuzi. Mbuzi wa kweli! Kafungwa mlangoni pa duka na tayari amekula tyubu ya gurudumu la nyuma. Watu wa boda boda wakipita wananyoosha kiganja, naye anawaitikia.

Nimemkumbuka Mtawa Ikiara mchana kutwa. Nilimlea tangu ngazi ya kwanza, alipokuwa hawezi hata kuruka ua, na sasa anakunywa maziwa ya majitu na mtu mwingine. Inauma.

Lakini nimeona tatizo lilikuwa wapi. Tatizo ni kutumia dalali! Kesho naenda sokoni mwenyewe. Nitamponda mtawa mpaka Mzee amchukie, nitatupa shuka, nitaminya, nitarudi naye nyumbani. Ni vidole tu. Ugumu uko wapi?

Emanikor alikuja kuchukua kebo yake, nikamwomba tufanye mazoezi chini ya taulo. Niliminya vizuri sana, kama mtu wa sokoni hasa. Tukapiga viganja, na mpita njia mmoja akatupongeza. Emanikor anasema nimemuuzia duka. Tumecheka!

Ajabu ni kwamba hajaondoka. Amepanga plagi upya, amemhamisha mbuzi kivulini, na ameniuliza kama kesho ninaweza kufika kazini mapema.