Mashine ya Kumnyamazisha Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo! Nimeanza kujenga mashine ya gemu. Si ya kujifurahisha. Ya kisasi.

Kisa ni shemeji, kaka wa mke wangu. Tulikua mtaa mmoja. Duka la kona lilikuwa na mashine ya gemu, ile ya ndege inayokwepa vimondo. Jina lake lilikaa juu kwenye kioo, langu chini kabisa. Akaniita Mkia. Nikamwoa dada yake, jina likanifuata hadi ukumbini. Mama mkwe ananiita Mwanangu Mkia, kwa upendo kabisa, mbele za watu. Juzi fundi bomba kaniita Mzee Mkia. Nani kamwambia?

Nimemwita shemeji ulingoni: Jumapili, kwangu, gemu ileile. Nikishinda, jina linazikwa. Nikishindwa, nitalivaa mpaka kaburini bila kunung'unika. Jibu lake limekuja kwa sauti: kicheko kitupu, kirefu.

Jumanne, 4 Juni

Kikompyuta kimefika. Kinaenea kiganjani. Ndani kina programu inayojifanya mashine za zamani, yoyote unayotaka. Kitu kinachojifanya kisivyo! Tumeelewana papo hapo. TV ya chogo nimeipata kwa fundi redio; kuibeba tu, mgongo umelia ka! Vitufe vyekundu ninavyo, kijiti cha kuongozea ninacho, nyaya za kila rangi. Limekosekana sanduku la kuvitia vyote.

Kabati la vyombo la mke wangu lina kimo kilekile cha mashine ya dukani.

Amerudi kazini akakuta sahani kitandani. Nimemwambia kabati lina bungua, nalitibu. Akauliza ni bungua gani anayetoboa mduara safi namna ile. Nikasema siku hizi wamesoma. Kabati alipewa na mama yake. Mama yake anakuja Jumapili kushuhudia. Hilo sikulipigia hesabu.

Karatasi ya maelekezo nimeitupa. Maelekezo ni ya watu wasio na kipaji.

Alhamisi, 6 Juni

Imewaka! TV imekohoa, ndege ikatokea, na mlio uleule wa utotoni. Machozi yalinilengalenga, wala sioni haya kusema.

Nikasukuma kijiti kushoto. Ndege ikaenda kulia. Nikasukuma kulia. Ikaenda kushoto, ikalipuka.

Nimewaza hadi chai ikapoa. Kumbe nyaya nilizifunga ubao ukiwa kifudifudi. Nilipougeuza, pande nazo zikageuka. Mtu mwingine angefungua skrubu, aanze upya. Mimi nikajiuliza: je, nikizoea hivihivi? Shemeji atakuja na mikono yake ya kawaida. Atasukuma kushoto akikwepa, ajipeleke mwenyewe kwenye kimondo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama!

Mke wangu kauliza mbona ndege inakwenda kombo. Nimemwambia ndivyo zilivyokuwa zamani.

Jumamosi, 8 Juni

Kazini niliaga kwamba tumbo linanisokota. Nimecheza tangu jana asubuhi. Mkono umekubali. Tatizo, umekubali kupita kiasi. Nimetoka na baiskeli kununua mkate, nikataka kukata kushoto, mkono ukakata kulia, nikaingia kwa muuza viatu. Ndani kabisa, mpaka rafu za nyuma. Kinyozi wa jirani kacheka hadi mteja wake akapoteza nusu ya ndevu. Si kitu. Alama za shemeji za enzi zile nimezipita!

Jioni mke wangu alisimama mlangoni akinitazama. Akasema naye amechoka kusikia mumewe akiitwa Mkia. Alilisema taratibu, kama aliyekaa nalo siku nyingi. Nikamwambia aondoe shaka, dua la kuku halimpati mwewe. Baadaye nimejiuliza kuku ni nani hasa.

Jumapili, 9 Juni

Aibu gani hii!

Mama mkwe kaingia, kalikuta kabati lake lina TV tumboni na vitufe kifuani. Akauliza vikombe vinakaa wapi. Nikasema bafuni. Akatafuta kiti.

Shemeji akanipisha nianze, maana mimi ndiye mwenye nyumba. Kimondo cha kwanza kikaja kutoka kulia. Nikasukuma kulia, kiustadi, ndege ikimbilie kushoto. Ikaenda kulia! Ikalipuka! Ya pili vilevile. Ya tatu nikafumba macho, nikafika mbali kidogo. Mashine ilikuwa imenyooka!

Shemeji akacheza huku akitafuna karanga. Hata hakuketi.

Kumbe ni mke wangu. Aliiokota ile karatasi ya maelekezo, akaisoma, akaona pale programu inapoambiwa upande upi ni upi. Alinyoosha kila kitu leo asubuhi nikiwa naoga. Hakuniambia, alitaka nifurahi nikiona. Ameniambia jikoni, analia. Alitaka nishinde. Nilijaribu kumkasirikia, nikashindwa. Hata hilo nimeshindwa.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji amerudi leo na mama yake. Wamekaa mezani, wamekohoa. Shemeji akasema utani umezidi umri, hatalitamka tena lile jina, kashinda lakini anaacha. Mama mkwe akasema naye kaacha. Kisha shemeji akaniita kwa jina nililopewa na wazazi wangu. Sikugeuka mara ya kwanza, nilidhani kuna mtu nyuma. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza, yaani niseme asante, mambo yaishe.

Kitu nilichokililia tangu utotoni, kimeletwa mezani bure. Ndicho kilichonichoma. Bure! Kwa huruma!

Nikasimama. Nikasema sipokei sadaka, jina nitalivua kwa jasho langu. Jumapili ijayo, kuogelea, ukingo mpaka ukingo wa bwawa. Mke wangu akakumbusha kwamba mimi sijui kuogelea. Nikasema shemeji naye hajui. Shemeji akauliza kwa upole mimi nadhani yeye bwawani anafanya kazi gani. Nikasema anakata tiketi. Akasema anafundisha watu kuogelea.

Mama mkwe akajifunika uso kwa mikono. Shemeji akanitazama weee, mwisho akanipa mkono, akasema sawa, Mkia.

Ataona!