Mtoto wa Muyisa Anaogopa Damu

Butembo, Jumatatu, 2 Julai 2001
Dada Séphora, mimi Kanyere binti Muyisa nimeapa kuandika yote humu, hata ya aibu, kisha daftari lije kwako Kanyabayonga. Leo matokeo ya mtihani: asilimia 71. Baba alifurahi, halafu akaharibu furaha. Anataka Septemba niende Beni, nikae mtaa wa Bungulu kwa shangazi Julie, nisomee uuguzi. Tangu mama afie njiani tukimpeleka hospitali, baba akinitazama anaona blauzi nyeupe ya muuguzi.
Mimi nataka phonie. Ile redio ya kuitana ya mzee Abdias, ambako watu wanapanga mstari kusikia ndugu zao wa Beni. Barabara inafungwa, sauti inapita. Abdias ameniahidi kazi nikibaki. Nina mpango.

Jumanne, 3 Julai
Abdias alikwenda kula. Niliketi kwenye kiti chake! Nikasema kwa sauti nzito, kama mwanamume mwenye mafua:
“Allô Beni, Butembo anaita. Message ya Julie, Bungulu. Mutoto wa Muyisa anaogopa damu. Akiiona anaanguka. Asimupokee. À vous.”
Niliachia kitufe, ikawa zamu yao. Kisha Beni akajibu:
“Pole na mafua, Kanyere. Nitamufikishia. Terminé.”

Jumatano, 4 Julai
Nilisahau kwamba anayeongea na Beni anasikiwa na kila mwenye phonie, mpaka Lubero. Mama Orpa muuza nyanya alinisimamisha sokoni, akanishauri nile maini. Jirani mmoja ameniombea kanisani.
Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniuliza kama niliogopa tangu siku ya mama. Nilisema ndiyo. Mungu anisamehe.
“Basi hapana kuwa na haya, mutoto wangu,” alisema. “Woga wa damu, dawa yake ni damu.”
Kesho naanza kusaidia kwenye kituo cha afya, kwa muuguzi Phinées. Vizuri sana. Nitaanguka mbele yake. Nimefanya mazoezi kwenye mkeka: upande wa kushoto hauumizi.

Alhamisi, 5 Julai
Saa nne walileta watu wa lori lililopigwa risasi kwenye barabara ya Beni. Tisa. Phinées alinipa beseni, kisha vitambaa, kisha akaniambia nikaze hapa, nisiachie.
Nilisahau kuanguka.
Mama mmoja mwenye kitenge cha bluu alinishika kidole. Alipokufa hakukiachia. Nilikaa pale, sikujua kidole kinatolewaje.
Jioni Phinées alimwambia baba kwamba mkono wangu hautetemeki. Baba alikwenda nyuma ya nyumba, akakawia huko.

Jumamosi, 7 Julai
Askari wamechukua phonie. Walisema inapeleka habari kwa adui. Waliikata antena kwa panga, wakapakia yote, hata betri. Abdias amebaki na kiti.
Watu walikuja kupanga mstari vilevile. Baba alikuwemo, alitaka kujua kama shangazi Julie yuko salama. Walisimama mpaka mvua ikanyesha.
Njia ya Beni imefungwa. Baba anasema ikifunguliwa tu, nakwenda. Ameshanunua kitambaa cheupe. Alikipima mabegani mwangu, akauliza kama kinatosha. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilimwambia kinatosha.

Jumapili, 8 Julai
Nimewaza misa nzima. Kosa langu lilikuwa mafua. Safari nyingine nitakohoa.
Tena, njia ya kwenu bado inapitika. Nimemwambia baba kwamba huko Kanyabayonga kuna masista wanaofundisha uuguzi hata wakati wa likizo. Akikuuliza, usikanushe. Amefurahi, ameanza kunitafutia nafasi kwenye lori.
Daftari hili analileta dereva Syauswa kesho. Usimwachie alisome, anacheka ovyo. Nijibu kwa lori lilelile likirudi: phonie ya kwenu bado ipo, na mzee anayeishika ana miaka mingapi, hajachoka kazi?